Pua Iliyokwenda Chuo Kikuu

Bweni la Wasichana, Chuo Kikuu
6 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo ya pili ni ya akiba, maana najua ya kwanza utasema nimeitamka kwa haraka kama mtu anayedaiwa. Mimi ni mzima, nakula vizuri, nalala vizuri, na sweta uliyonifumia bado ninayo. Wasalimie baba na mama. Mdogo wangu mbusu kwenye lile shavu lenye kishimo, na uniambie kama jino limetoka au bado anatafuna kila kitu kama panya.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Siku tuliyofika, mlezi wa bweni alipita kitanda hadi kitanda akakusanya simu zote, akazifungia kabatini, na ufunguo akauning'iniza shingoni. Wapo waliolia. Mimi sikulia, nilinuna tu.

Huku tuko wanafunzi wa shule mbalimbali, kila mmoja kapendekezwa na mwalimu wake wa sayansi. Asubuhi tunasoma masomo yetu ya kawaida ya sekondari, mchana tunavuka uwanja kuingia maabara za chuo. Shangazi, kuna mizani imefungiwa ndani ya sanduku la kioo, na ukiipumulia tu namba zinacheza. Nilisimama pale nikipumua hadi nikafukuzwa.

Sasa jambo lenyewe. Mhadhiri wetu ni mama mmoja mwembamba anayechomeka penseli kwenye nywele kisha anaitafuta mezani, ndiyo maana tunamwita Mama Penseli. Amesema kila mwanafunzi atafute swali lake kutoka nyumbani, si kutoka kitabuni, na achague mshirika wa nyumbani, ndugu yake yeyote, atakayefanya nusu ya kazi huko huko na kumwandikia matokeo. Mwezi wa sita tutasimama mbele ya jopo. Watakaofanya vizuri wanabaki mwaka wa pili na kupewa nafasi ndani ya maabara. Wengine wanarudi shuleni kwao na cheti cha kushukuriwa.

Mimi nimechagua pua yako. Usicheke. Tangu nikiwa mdogo nakuona ukifunua debe la mfugaji, unavuta pumzi mara moja, unasema haya mimina, au haya rudi nayo. Hujawahi kukosea. Swali langu ni hili: je, pua ya muuza maziwa inajua maziwa yameanza kuchacha kabla karatasi ya maabara haijajua?

Kwenye bahasha kuna pakiti ya karatasi hizo. Zinabadilika kutoka kijani kwenda njano maziwa yanapoanza uchachu. Kila asubuhi weka maziwa kwenye mitungi mitatu mezani. Kila saa nusa. Pua ikikwambia yanaanza, andika saa, kisha ndipo uanze kuchovya karatasi, na uandike saa itakapobadilika. Pua kwanza, karatasi baadaye. Zimepangwa zitoshe mpaka mwezi wa tano.

Kubali, Shangazi. Nimeshawaambia kuhusu wewe.

Mtoto wa kaka yako,
Kijiti


Dukani
20 Februari

Kijiti wangu,

Marahaba mbili, moja ya kutumia na moja ya kuweka. Sisi huku tu wazima. Jino limetoka, tena mawili, na la kwanza kalijaribia kwenye kidole changu. Baba yako kapata kazi ya kupaka rangi nyumba nzima ya yule daktari wa meno, anarudi jioni kabadilika rangi, mama yako anamkataza kukalia viti. Mimi mafua yalinibana mwanzoni mwa mwaka, ulikuwa hapa uliona, ila yamekwisha. Sikohoi, sina homa.

Biashara iko iko. Yule mpishi wa hoteli ya njia panda alirudisha debe zima akisema limechacha. Aliongea kwa sauti mbele ya watu. Sijui siku hizi ana nini, labda mkewe kamkasirisha. Hajarudi tena, na mimi sijamtuma mtu kumbembeleza.

Kuhusu hilo ombi lako. Mwanangu, wewe una akili kuliko hiyo kazi. Pua ya mtu ni ya kupatia mafua na kuvalia miwani, si ya kupelekwa chuo kikuu. Mbona hukuchagua rangi za baba yako? Kwa nini rangi ya lango inabanduka upande wa jua tu, hilo si swali? Au kwa nini mama yako akichemsha maharagwe yanaiva upesi kuliko yangu? Maswali yamejaa uani humu, unaniandama mimi tu.

Basi ngoja nifikirie. Usiwaambie watu mambo yangu kabla hujaniuliza. Hiyo si tabia niliyokulea nayo.

Shangazi yako

Naongeza, 22 Februari. Barua ilikuwa bado haijapelekwa posta. Jana nilijaribu moja ya zile karatasi zako kwenye debe la mfugaji wa kofia, ikawa njano pale pale. Nikamrudisha na debe lake. Kweli ni vitu vya ajabu. Nimekubali kazi yako, nimeanza leo. Ukipata karatasi nyingine zaidi tuma.


Bweni
12 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na ahsante. Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye foleni ya chakula, nikapitwa na watu sita na sikujali. Hongera kwa meno mawili. Mama aliniandikia naye, anasema nyumba ya daktari wa meno imekuwa nyeupe kama meno ya kuchongwa.

Matokeo yako ya wiki mbili yamefika. Nimeyabandika ukutani juu ya kitanda changu. Mwenzangu wa kitanda cha juu, tunayemwita Mnajimu kwa kuwa hafungi pazia anatazama juu tu, aliyasoma akiwa kichwa chini miguu juu, akasema, "Huyu shangazi yako ni mashine?" Kila mara pua yako imetangulia karatasi. Kila mara! Mama Penseli alichukua karatasi yangu akaenda nayo kuwaonyesha wenzake chumba cha walimu, na hakurudi na penseli.

Huku maabara ninafanya nusu yangu. Tumekaa watu watano tunanusa maziwa kila saa kama mbwa wa polisi. Sisi karatasi inatushinda. Inageuka njano na sisi bado tunabishana. Kwa hiyo kweli kuna kitu unacho ambacho sisi hatuna, na nataka kukijua. Naomba unieleze: ile harufu ya mwanzo kabisa, kabla maziwa hayajachacha, inakuwaje? Inafanana na nini? Inakuja unapofunua, au unapovuta pumzi mara ya pili? Unaisikia puani au kooni? Mama Penseli anasema hayo ndiyo maelezo ambayo hakuna kitabu kilichoyaandika, na jopo litataka kuyasikia kwa maneno yako mwenyewe.

Nimekutumia pakiti nyingine, ingawa sikutarajia ungezihitaji mapema hivi. Mpishi wa hoteli kanuna mpaka leo?

Kijiti


Dukani
4 Aprili

Kijiti,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, mambo yalikuwa mengi. Mdogo wako anasimama kwa kushika ukuta, kisha anasahau ukuta. Baba yako mzima ila amekuwa mgumu wa chakula, nikipika mimi anasema chumvi imezidi, mama yako akionja naye anasema imezidi, na mimi naona sawa tu. Wamezoea kulalamika.

Duka linaenda vizuri kuliko miezi iliyopita. Mpishi amerudi. Aliingia kimya kimya kama mtu aliyesahau mwavuli, akaagiza madebe yake kama zamani, na sikumuuliza kitu. Wafugaji nao wameshika adabu. Nimetundika pazia kati ya meza na chumba cha nyuma, lile la maua lililokuwa dirishani kwako, ili madebe yakae penye ubaridi.

Matokeo ya mwezi mzima nimeyaambatisha.

Umeniuliza harufu inakuwaje. Harufu haielezeki, mwanangu. Mtu unaijua tu. Ni kama kumjua mtu kwa mwendo wake, ukiulizwa anatembeaje utasema nini? Andika hivyo, wakitaka zaidi waje wanunue maziwa.

Karatasi zimekwisha. Tuma pakiti mbili ukiweza.

Shangazi


Bweni
23 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mpishi karudi na mdogo wangu anasimama. Mimi nilikuwa na mafua kidogo, yamepita. Mvua imekuwa kubwa, maabara inavuja kona moja, na wahadhiri wenye digrii zao wameweka ndoo kama sisi tu.

Kuna jambo limenikaa kichwani na nikilala linalala na mimi. Usikasirike. Najaribu tu kuelewa.

Kwanza, pua yako kila siku inatangulia karatasi kwa saa moja. Si saa mbili, si nusu saa. Siku ya joto saa moja, siku ya mvua saa moja. Nilimwonyesha Mama Penseli nikidhani atafurahi, akakaa chini. Alisema, "Kitu kisichokosea hata siku moja, mimi huwa nakigeuza nione upande wa pili." Nilimtetea. Nilimwambia hajakuona kazini.

Pili ni karatasi. Nimekaa nikapiga hesabu mara nyingi. Ukinusa kwanza, ukaanza kuchovya pale tu pua inapokwambia, basi unatumia chache sana kwa siku. Pakiti moja ingetosha mpaka mwezi wa tano. Wewe unataka ya tatu na ya nne. Karatasi zinaenda wapi? Mdogo wangu anazila? Zinapata unyevu? Au unaanza kuchovya mapema? Kama ni hivyo niambie tu, tutarekebisha, hakuna aliyekosa.

Mama Penseli anasema kila kipimo kinajaribiwa kabla ya kuaminiwa, hata ile mizani ya sanduku la kioo hupimwa kila asubuhi kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Kwa hiyo ndani ya kifurushi hiki kuna chupa nne ndogo zimefungwa kitambaa. Usifungue kitambaa. Fungua kizibo tu, nusa, uniandikie kila moja ina nini. Ni vitu vya jikoni tu, utavijua ukiwa umegeukia upande mwingine.

Nisikufiche, jopo linakaa tarehe kumi na nne Juni. Kazi yangu inatajwa sana. Mnajimu ananiita Mwaka wa Pili badala ya jina langu. Shangazi, sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka kubaki hapa. Nikiingia maabara asubuhi na taa zikawaka moja baada ya nyingine, najisikia nipo mahali pangu.

Pakiti mbili za karatasi zimo.

Kijiti


Bweni
17 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama kifurushi kilifika. Mama ameniandikia wiki iliyopita na hakukitaja, ila ametaja kingine. Anasema maziwa yaliungua jikoni mpaka moshi ukatoka hadi uani, yeye akaja mbio kutoka kwenye kamba ya nguo, akakukuta umekaa kando ya jiko unachambua mchele na hukuwa na habari. Anasema uzee umekuanza mapema. Aliandika kama mzaha.

Mimi sikucheka. Nimelisoma lile neno la moshi mara nyingi.

Sitauliza tena kuhusu karatasi. Ukitaka kunijibu nijibu, ukitaka kunyamaza nyamaza, nitabaki mtoto wako. Lakini siku ya jopo inakuja na lazima nijue ninasimama na nini.

Wako,
Kijiti


Dukani
29 Mei

Mwanangu,

Kifurushi kilifika mwanzoni mwa mwezi. Chupa zako nimezipanga kwenye rafu nyuma ya pazia na kila siku nimezipita kama mtu ambaye mdai wake yuko mlangoni. Jumapili nilizifungua.

Zote nne ni maji.

Najua si maji. Najua umeweka siki, au limau, au mafuta ya taa, vitu ambavyo hata mtoto wa mwaka mmoja angekunja uso. Nilizinusa moja moja, nikavuta mpaka kichwa kikaniuma. Kwangu mimi zote ni maji.

Ni yale mafua ya Januari. Yaliondoka, na pua ikaondoka nayo. Nilisubiri wiki, nikasema itarudi. Nilijifukiza, nikanusa vitunguu, macho yanatoka machozi kama kawaida lakini harufu hakuna. Halafu ikaja siku ya mpishi. Alisema yamechacha, na mimi nikafunua debe mbele ya watu, nikavuta pumzi, nikasema yako sawa. Kumbe yalikuwa yameoza. Walionizunguka wote walijua isipokuwa mimi. Niliwaona wakitazamana.

Nikaogopa, Kijiti. Sina kitu kingine. Sikusoma, sikuolewa, sina shamba. Nina duka, na duka ni pua hii, na watu wanakuja kwa sababu ya pua hii. Kisha bahasha yako ikafika na zile karatasi. Ile jioni nilipochovya ya kwanza na ikageuka njano, nilikaa chini nikalia kwa furaha. Nilikuwa nimepewa pua nyingine.

Karatasi zako zinaendesha duka. Mfugaji akileta debe nalipeleka nyuma ya pazia nikisema nataka ubaridi, nachovya, narudi nimekunja uso nasema mimina, au rudi nayo. Hakuna aliyegundua. Na ile mitungi yako mitatu nimeichovya kila saa tangu asubuhi. Ikigeuka njano saa tisa, naandika kwamba pua ilijua saa nane. Nilidhani nakusaidia. Nilidhani ukipata matokeo mazuri watakuchukua, na nani atakuja kunipima mimi huku. Sikujua kwamba uzuri nao unapimwa.

Unataka kujua linaloniuma zaidi? Si maziwa. Nambeba mdogo wako, naweka pua kwenye utosi wake, na hakuna mtu pale. Nabeba uzito tu.

Matokeo yangu yote tupa. Waambie hayafai. Ila nakuomba jambo moja, na sijawahi kukuomba jambo. Usiseme kwa nini. Huko chuoni yupo mtoto wa huyu, mpwa wa yule, neno litapanda gari litafika dukani kabla yako. Baba yako hajui. Mama yako hajui. Niachie hilo.

Nisamehe kwa kukuharibia.

Shangazi


Bweni
19 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo kwa mikono miwili. Barua yako ilinifikia siku tatu kabla ya jopo. Niliisomea chooni kwa sababu ndiko kwenye kitasa. Nililia, kisha nikakasirika, kisha nikajikuta nauliza maswali, ndivyo nilivyo. Chupa zilikuwa siki, kahawa, mafuta ya taa, na moja ilikuwa maji kweli. Moja ulipata.

Nikueleze ilivyokuwa. Chumba cha jopo kina meza ndefu na viti vyenye mito. Walikuwa wanne, Mama Penseli pembeni, na katikati mzee mmoja wa koti jeupe ambaye wengine wote wanamsubiri aongee. Nilisimama nikasema kwamba nusu ya kazi yangu, ile ya nyumbani, ninaiondoa. Kipimo changu kilikuwa kibovu na nimejua nikiwa nimechelewa. Mama Penseli alikuwa anaandika, akaacha.

Mzee aliniuliza ni kipimo gani na kimeharibikaje. Nikamwambia siwezi kusema, mwenye nacho hajaniruhusu. Mmoja wao alicheka kidogo. Mzee hakucheka. Alisema, "Binti, anayekuja hapa na kosa tunamkaribisha. Anayekuja na kosa asilotaka kulieleza, tufanye naye nini?" Nilisema tu, "Sijui, lakini si langu peke yangu."

Wakanitoa nje. Majina yalibandikwa jioni, na langu halimo. Mnajimu amepita. Alinikumbatia na akasahau kuniita Mwaka wa Pili, kisha akakumbuka kwamba amesahau, tukabaki tunatazamana.

Kesho yake Mama Penseli aliniita. Amewaomba wanisubiri mpaka tarehe kumi Julai. Niende na kazi yenye kipimo kinachojulikana, kilichoharibika kikiwa kimeelezwa, au nirudi shuleni. Alisema anaona kuna kitu kizuri ndani ya hii kazi na haelewi kwa nini nakikalia.

Na yeye hajui hata nusu. Shangazi, wewe na mimi tu ndio tunajua kwamba muuza maziwa asiyesikia harufu ameendesha duka zaidi ya miezi mitatu kwa karatasi, mpishi mgumu akarudi, wafugaji wakashika adabu, na hakuna debe baya lililopita. Jambo la kweli tulilolipata ni hilo, si lile nililokuwa nalitafuta. Na nimesoma maktaba: wako watu wengi wanaopoteza harufu kwa mafua, na kwa wengine hurudi kidogo kidogo, na machozi ya kitunguu hayahitaji pua, yana njia yake. Je, ukilamba ndimu unasikia ukali? Mnanaa unakupa ubaridi? Nina maswali mpaka nashindwa kula.

Lakini sikuandikii kukuomba. Uliniomba jambo moja nami nimelishika, na nitaendelea kulishika. Nikirudi shuleni nitarudi, mwalimu wangu wa kemia yupo, na maisha yanaendelea. Ninasikitika, sitakudanganya. Nasikitika sana. Ila nikikufikiria na pua yako kwenye utosi wa mdogo wangu, sikitiko langu linapungua.

Nimekutumia pakiti nne. Nilimwambia mtunza stoo ni za matumizi ya nyumbani.

Kijiti wako


Dukani
2 Julai

Kijiti wangu,

Marahaba, tena marahaba ya mtu mzima. Barua yako niliisoma mezani, mchana, duka likiwa wazi. Mteja aliingia akanikuta nafuta uso kwa kitambaa cha meza, nikamwambia ni kitunguu, na hakuna kitunguu dukani kwangu.

Nimekaa na maneno yako siku kadhaa. Mtoto wa umri wako anasimama mbele ya wasomi wanne anafunga mdomo, anapoteza kitu anachokitaka kuliko vyote, ili mimi niendelee kujificha nyuma ya pazia la maua. Niliona aibu. Halafu aibu ikawa hasira, na hasira ninaijua matumizi yake.

Jana asubuhi nimelishusha pazia. Wafugaji walipofika nikatoa karatasi hapo hapo mezani, mbele ya wote, nikachovya debe la kwanza. Mfugaji wa kofia akauliza hicho ni kitu gani. Nikamwambia ni pua yangu. Akauliza ile nyingine iko wapi. Nikasema imekufa mwezi wa kwanza na mmekuwa mkinunua na kuuza kwa karatasi tangu wakati huo, mwenye neno aseme. Mmoja akasema alijua, muongo huyo. Mpishi wa hoteli alipokuja nikamwambia naye. Amebeba madebe yake na hakusema atarudi, basi tutaona. Wengine wamenunua kama kawaida, na mama mmoja alitaka kuchovya mwenyewe, nikamwachia.

Jioni nimewaambia baba na mama yako. Baba yako alinifuata jikoni akanisaidia kuosha vyombo, kitu ambacho hajafanya tangu tukiwa watoto. Mama yako amesema kuanzia sasa chakula chochote kinachochemka atakilinda yeye. Tuligombana kidogo kuhusu hilo.

Maswali yako nimeyajibu, yamo kwenye karatasi ya pili. Ndimu nasikia ukali. Mnanaa unanipoza ulimi kama upepo, harufu hakuna. Na juzi, sikiliza hili, nilipopita karibu na nyumba ya daktari wa meno, baba yako akichanganya rangi ya lango, kitu kilinigonga puani. Hakikuwa rangi. Kilikuwa kitu kibaya, kama mpira ulioungua, na hakuna aliyekuwa anachoma mpira. Hiyo ina maana gani? Inarudi au inanidhihaki? Waulize huko. Nataka kujua.

Na usimwambie Mama Penseli chochote, nitamwambia mwenyewe. Mkulima jirani ananishikia duka wiki hii, baba yako amenikatia tiketi, na koti la kwenda harusini nimelipiga pasi. Yule mzee wa koti jeupe alitaka kujua ni kipimo gani kilichoharibika na kimeharibikaje. Asubiri mpaka Jumatatu, na barua hii nimempa dereva wa basi ili initangulie. Kipimo kinakuja chenyewe, kwa miguu yake, na mdomo kinao.

Shangazi yako